Maombi 17, majibu 15 ya hapana: namna ya kuandika barua ya kwenda kusoma ng'ambo
(Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Butembo)

Tunajua kuna waliotembea kwa miguu toka Vulamba na Bulengera, na mvua hii.

Tuseme ukweli kwanza. Sisi tunaosema leo hatuko wataalamu. Tuko watu wanne, wote na diplome ya lisansi mu kabati, wote bila kazi wakati tulianza. Mu miaka mitatu tulituma maombi 17 ya nafasi na ya burse mu universite za inje. Tulikataliwa mara 15. Mmoja wetu alienda. Mwingine alipata nafasi lakini burse hapana, na ni yeye ameketi pale karibu na dirisha. Kwa hiyo tunachowaletea ni makosa yetu, na tumeyalipia bei, juu kila ombi ni pesa ya siber, ya skani, ya kutafsirisha releve.

Siku moja tuliamua kusomeana barua zetu kwa sauti. Ilikuwa haya tupu. Barua tatu kwa ine zilianza sawasawa: «Tangu utoto wangu niliota...» Ya ine ilianza na «Nchi yangu ni skandali ya jiolojia.» Mumecheka, lakini ni wangapi hapa wameandika vile? Barua zile ungeweza kubadilisha majina chini na hakuna mtu angejua.

Haiko ugonjwa wetu peke yetu. Kule Uingereza maombi ya universite yanapita kwa shirika moja, UCAS. Mwaka 2007 walichunguza maelfu ya barua na kompyuta, wakakuta watu 234 wanasimulia kitu kimoja: kwamba wakiwa na miaka nane walitoboa pijama yao kwa kuichoma wakicheza na dawa za kemia. Watoto 234, pijama 234! Waliinakili mu mfano mmoja wa intaneti. Tangu wakati ule kompyuta inalinganisha kila barua na zile zilizotangulia. Basi yule anayekuuzia «modeli» kwenye siber anakuuzia pijama. Na ukiambia mashine ya telefone ikuandikie yote, ni pijama vilevile, tofauti ni kwamba imepigwa pasi.

Sasa tuje ku kosa letu kubwa. Ku masomo tulifundishwa barua ya kuomba kwa wakubwa: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yenu yenye kutukuka, kwa unyenyekevu wote. Mbele ya meya ama mkurugenzi, sawa, ndiyo desturi. Lakini jaribu kuhesabu. Fomu ambayo universite nyingi za Marekani zinatumia, Common App, inakupa maneno 650, haipiti pale. Ukimaliza kusalimia na kujinyenyekeza, umebaki na nini? Yule anayesoma hajakaa pale ili umpigie magoti. Anatafuta kujua kichwa chako kinafanya kazi namna gani.

Na kila mlango uko na swali lake. UCAS, kwa wanaoingia kuanzia 2026, wameacha barua moja ndefu wakaweka maswali matatu: kwa nini somo hili, masomo yako yamekutayarisha namna gani, na inje ya darasa umefanya nini cha kukutayarisha. Yote pamoja herufi 4.000, nafasi zikihesabiwa. Burse ya Chevening inauliza juu ya uongozi, juu ya kujenga mahusiano na watu, juu ya masomo unayochagua, na juu ya kazi utakayofanya kiisha. Tena unaahidi kurudi nyumbani miaka miwili angalau. Sisi tulikuwa tunatuma barua ileile pande zote, kama tangazo la kifo.

Tuwape mfano wa huyu wa dirishani, ametupa ruhusa. Alisoma ekonomi. Barua yake ya kwanza ilisema anataka «kuchangia maendeleo endelevu ya Afrika». Tulimuuliza: sawa, lakini wiki hii ulifanya nini? Akasema, hapana kitu, ninasaidiaka mama sokoni. Unamsaidia kufanya nini? Ninaandika madeni. Akatoa daftari. Ndugu zetu, miaka miwili ya daftari! Kila Jumamosi bei ya maharagwe, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, siku ambazo barabara ya Kasindi ilifungwa juu ya mashambulizi. Alianza kuona kwamba bei haipandi siku ile barabara inafungwa, inapanda mbele, ku uvumi. Mama yake alikuwa anajua jambo hilo bila daftari, lakini yeye alikuwa nalo kwa maandishi. Na alilificha kwa haya, juu lilikuwa daftari la madeni ya mama. Barua yake mpya ilianza na kalamu nyekundu. Ile ndiyo ilimpa nafasi.

Hapa tuguse jambo gumu, na sisi wenyewe hatukusikilizana juu yake. Vita. Mmoja wetu alisema: wazungu wanataka machozi, tuwape. Aliandika juu ya baba yake, namna aliuawa. Usiku ule hakulala, na barua ilikataliwa. Alituambia kilichomuuma hakikuwa kukataliwa, ni kuwa amemtoa baba yake kwa bure. Tangu pale tunasema hivi: yaliyokupata ni yako, unaweza kuyaandika ama kuyanyamazia, hakuna fomu inayokudai. Ukiyaandika, usiishie ku siku ya msiba. Sema kesho yake uliamka ukafanya nini. Na usiandike jina la mwenzako aliyefungwa ama anayejificha. Barua inapita mu mikono mingi.

Kuhusu uongozi: kuwa CP wa promosyo haitoshi. Kama mulifanya salongo mukazibua mfereji wa kartie, eleza nani alikataa kuja na ulimwambia nini mpaka akakubali.

Kitu kingine kidogo lakini kinaua watu: 62% yako. Huku kwetu ni «satisfaksyo», na wengi wanatoka nayo. Mahali pengine mtu ataona ni mwanafunzi mzembe. Eleza mu sentensi moja kwamba kwetu distinksyo inaanza ku 70%, na omba profesa aliyekuandikia barua aiseme pia. Hata mwaka uliopotea juu ya mgomo ama kukimbia vita, sentensi moja tu, bila kulalamika.

Juu ya wale wanaotuuliza kama kwenda ni kukimbia nchi, hatuna jibu moja kwa wote wane. Aliyeenda anatuandikia kwamba baridi ni mbaya na kwamba atarudi. Tunamsubiri.

Jumamosi ijayo, saa nane, hapahapa. Kila mtu alete ukurasa mmoja alioandika kwa mkono, hata mu Kiswahili, tutageuza kiisha. Utausoma kwa sauti, na wenzako watakata kila sentensi ambayo jirani yako angeweza kuandika. Muje na kalamu nyekundu.