Hesabu Kabla ya Mchoro: Somo la Kwanza la Biashara na Uchumi katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi



Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa biashara na uchumi kwa wanaoanza. Nitabaki kwenye Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, kwa sababu huko ndiko mwanafunzi hulisoma somo hili mara moja tu maishani. Wa chuo kikuu asipoelewa muhula wa kwanza, ana mihula mingine mbele yake. Anayesomea ushonaji kwa mwaka mmoja hana. Alichokipata ndicho anachoingia nacho sokoni.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na chimbuko la vyuo hivyo vya Sweden ni Denmark, kwenye chuo kilichofunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa fikra za mchungaji Grundtvig. Aliamini kwamba mtu mzima huja darasani na maisha yake, na elimu yake ianzie hapo. Kwetu fikra hiyo ilikutana na sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Leo vyuo ni zaidi ya 50, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimewapokea hata wasichana waliokatisha masomo, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Hawa hawaji kujifunza maana ya pesa. Pesa wanaijua kwa ukosefu wake.

Sasa fungua daftari la somo la kwanza. Maana ya biashara. Maana ya uchumi. Sifa za mjasiriamali, ambazo mwanafunzi huzikariri zote na kufaulu. Kisha mchoro wa ugavi na mahitaji, mistari miwili inayokatana. Siupingi mchoro huo. Ni chombo kizuri sana. Ninachopinga ni kuutanguliza mbele ya hesabu.

Tuseme mwanachuo anashona gauni. Kitambaa shilingi 12,000, uzi, zipu na bitana 3,000, anauza 25,000. Muulize faida, atakwambia 10,000. Lakini amepanga fremu kwa 60,000 kwa mwezi, na kila gauni humchukua siku mbili. Akishona magauni 12, zile 10,000 zinafika 120,000, na kodi ya fremu inachukua nusu. Zimebaki 60,000 kwa siku 24 za kazi, yaani 2,500 kwa siku, na bado hatujagusa umeme wala uchakavu wa cherehani. Hapo ndipo darasa huamka. Mmoja atasema apandishe bei, mwingine aache fremu ashonee nyumbani, wa tatu atauliza wateja watakimbia wangapi bei ikipanda. Huyo wa tatu ameshaingia kwenye uchumi kwa miguu yake mwenyewe. Mchoreeni mistari yake sasa.

Jambo la pili ni mkopo, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu anakopa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa kwenye mkopo wa awali hadi mwisho, atalipa 24,000 kila mwezi, jumla 288,000. Ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, huku akirejesha 100,000 za mkopo kila mwezi, jumla ni 156,000. Tofauti ni 132,000, na kwenye mazungumzo yote mawili imetajwa asilimia ileile. Kwa njia ya kwanza, mwezi wa mwisho amebakiwa na deni la 100,000 na bado anatozwa riba ya 24,000. Ukiilinganisha na mkopo wa salio linalopungua, riba yake halisi ni karibu asilimia 3 na nusu kwa mwezi. Hesabu ya jumla hizo mbili haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Mama anayeijua atauliza swali moja kabla ya kusaini, riba inakokotolewa kwenye nini, na swali hilo linaweza kumwepusha na mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Afundishwe pia kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Upande wa uchumi, nendeni kwenye lumbesa. Mchoro wetu unachukulia kwamba muuzaji na mnunuzi wanajua kiasi kinachouzwa. Mkulima anayeuza gunia lililoshonewa kilemba juu, yaani lumbesa, anapokea bei ya gunia moja kwa mzigo uliozidi gunia. Kwa nini akubali? Kwa sababu hana mzani, hana ghala, na ada ya shule haisubiri. Mwanafunzi akilijibu swali hilo vizuri, ameelewa nguvu ya soko kuliko aliyekariri fasili. Kutoka hapo ni hatua fupi hadi stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, iliyowekewa sheria mwaka 2005, na sababu za wakulima wa korosho kuisifu msimu mmoja na kuilalamikia msimu mwingine malipo yanapochelewa.

Wakuu wa vyuo, somo hili msimpe mwalimu mwenye nafasi kwenye ratiba. Mpeni aliyewahi kuendesha duka, au chama cha kuweka na kukopa, na anayejua kufundisha. Nusu ya vipindi vifanyike sokoni na ghalani. Na mtihani wa mwisho usiwe wa kutaja sifa tano za chochote. Mwanachuo apewe mkataba wa mkopo wa kurasa mbili, kikokotoo na saa moja, aandike gharama yake yote ni shilingi ngapi, kama angesaini au asingesaini, na kwa nini.