Maji ya Kunywa na Afya ya Wazee Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha za Chama. Mimi nimeombwa kusema juu ya hesabu nyingine, ambayo kila mmoja wetu hana budi kuifanya nyumbani mwake kila siku, nayo ni hesabu ya maji anayokunywa.

Mwili wa mtu mzima yapata nusu yake au zaidi ni maji. Kwa maji hayo damu hupita mishipani, na mafigo hutoa taka kwa njia ya mkojo. Maji hututoka kwa mkojo, kwa jasho, na hata kwa pumzi. Na yaliyotoka hayana budi kurudishwa. Mpakuzi wa shehena katika bandari ya Mombasa, afanyaye kazi nzito juani, aweza kutokwa na lita 1 ya jasho kwa muda wa saa 1. Asipoirudisha, kichwa humwuma na miguu humlegea. Pengine hukimbilia dukani kununua vidonge, kumbe dawa yake imo mtungini.

Je, kiasi gani chatosha? Mwaka 2010 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walikadiria lita 2 kwa siku kwa mwanamke, na lita 2.5 kwa mwanamume, pamoja na maji yaliyomo katika chakula na vinywaji. Basi uji, chai, mchuzi na madafu vyote vyahesabiwa. Lakini makadirio hayo ni ya nchi zisizo na joto kali; jua la pwani hudai zaidi. Tena iko alama ambayo hata asiyejua kusoma aweza kuitazama: mkojo mweupe au wa manjano hafifu ni dalili njema, ukiwa wa manjano mazito, aghalabu mwili waomba maji.

Sasa nageukia wazee wangu. Mtu akizeeka, kiu yake hupungua, lakini haja ya mwili haipungui vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, wengi wetu twajizuia maji makusudi ili tusiamke usiku. Sababu yake yafahamika: choo ki uani, giza ni nene, na mzee huogopa kuanguka. Lakini mwili uliokauka huleta kizunguzungu, na kizunguzungu ndicho kiangushacho. Huleta pia kufunga choo, na huzidisha hatari ya vijiwe vya mafigo. Hivyo mzee hukimbia anguko la usiku akalikuta la mchana.

Shauri langu ni hili. Maji mengi yanywewe tangu asubuhi hata alasiri, yapunguzwe karibu na kulala. Mwezi wa Ramadhani, yanywewe kidogo kidogo baina ya futari na daku. Nao vijana wa nyumba waweke taa njiani na chombo karibu na kitanda, wala wasione haya kwa jambo hilo. Ila aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa ajili ya moyo au mafigo, na ashike amri ya daktari wake.

Maji yenyewe yawe safi. Yachemshwe mpaka yatokote, yapoe, yatiwe katika mtungi wenye kifuniko, na yatekwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe cha kila mkono. Na pale mifereji ikaukapo, tukumbuke kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha. Kudai haki hiyo kwa adabu na kwa umoja ni kazi ya chama kama hiki.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue mambo mawili: mtungi wa maji yaliyochemshwa uwekwe katika ukumbi huu kila siku ya mkutano, na wajumbe wanaowazuru wazee wagonjwa wawaulize, baada ya salamu, "Leo umekunywa maji?" Gharama yake ni ndogo, na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.