Kiazi Kwenye Kitambaa Cheupe

Liko jina moja ambalo wengi wetu hulitumia bila kulifikiria. Tunakwenda sokoni, tunainama mbele ya fungu, tunauliza: viazi ulaya bei gani? Muuzaji hutaja bei, tunapatana, tunafungiwa mzigo wetu na kwenda zetu nyumbani kukaanga chipsi. Hakuna anayeuliza ni Ulaya gani hiyo iliyovizaa viazi hivi.

Ukweli ni kwamba Ulaya haikuvizaa. Kwao ni milima ya Andes, katika nchi ya Peru na jirani zake, huko Amerika ya Kusini. Watu wa milima hiyo walivilima kwa maelfu ya miaka kabla Mhispania wa kwanza hajakanyaga pwani yao katika karne ya 16. Mhispania akavibeba kwenda kwao, Ulaya ikavizoea, na Mzungu alipokuja huku kwetu akaja navyo. Nasi tukampa sifa aliyevileta, tukamsahau aliyevilima.

Leo nataka tuzungumze juu ya huyo aliyevilima, na nitapitia mlango usio wa kawaida: mlango wa mkahawa wa fahari katika jiji la Lima, mji mkuu wa Peru, ambako nilialikwa kula chakula cha jioni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye meza ya namna ile.

Mkahawa wenyewe sitautaja, kwani sikuja hapa kuutangaza. Itoshe kusema kwamba ni mahali ambapo mtu huweka nafasi wiki kadhaa kabla ya kwenda. Taa ni hafifu, kila mtu ana glasi tatu mbele yake, na kitambaa cha meza ni cheupe, kimepigwa pasi hata unasita kukiwekea kiwiko. Mtu wa kwetu akiingia mahali kama hapo hutazamia kuletewa vyakula vya Kifaransa, vyenye majina ya kuuma ulimi. Mimi nililetewa kiazi.

Naam, kiazi. Kwanza kilikuja kimepondwa pamoja na ndimu na pilipili ya manjano, kikiwa baridi, kimejazwa parachichi na samaki. Wenyewe hukiita kausa. Kisha kikaja kiazi kidogo cheusi, chepesi kama gome, ambacho mhudumu alikieleza kwa dakika nzima. Chakula hicho huitwa chunyo. Wakulima wa milimani huanika viazi nje usiku wa baridi kali vikagandishwa na jalidi, mchana huvikanyaga kwa miguu kukamua maji, kisha huviacha juani vikauke kabisa. Vikishakauka hukaa ghalani miaka bila kuoza. Nilipokuwa nikitafuna niliwakumbuka mama zetu wa Usukumani na michembe yao na matobolwa. Akili ni ile ile: kukausha cha msimu wa neema ili kisaidie msimu wa njaa. Tofauti ni kwamba chunyo alikuwa amekaa kwenye sahani ya kauri, na mhudumu akitaja kijiji alikotoka na urefu wa mlima wake kwa mita.

Vikaendelea kuja. Samaki mbichi aliyeivishwa kwa maji ya ndimu tu, bila moto, akiwa na kitunguu, pilipili na kipande cha kiazi kitamu pembeni. Hiyo ndiyo seviche, chakula cha wavuvi, ambacho mwaka 2023 kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Akaja simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye hata Iringa na Njombe wako wanaomfuga kwa kitoweo. Watu wa Andes wamemla tangu kale, na katika kanisa kuu la mji wa Cusco ipo picha ya Karamu ya Mwisho, ya mchoraji Marcos Zapata wa karne ya 18, ambamo Yesu na mitume wake wamewekewa simbilisi mezani. Kinywaji kilikuwa maji ya mahindi ya zambarau, yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu. Nilipoisikia harufu ya karafuu nilijiona kama niko Unguja.

Lakini sahani iliyonikalia moyoni ni mishikaki. Wao huita antikucho. Ni moyo wa ng'ombe, uliokatwa vipande, ukalazwa katika siki na pilipili, ukachomwa juu ya makaa. Husimuliwa huko kwamba chakula hiki kilikuzwa na Waafrika waliopelekwa Peru utumwani. Bwana alichukua mnofu, mtumwa akaachiwa moyo na matumbo. Utumwa nchini Peru ulikomeshwa mwaka 1854, lakini mishikaki ile ikabaki, ikawa chakula cha kando ya barabara, kikichomwa na akina mama nyakati za jioni. Sasa iko kwenye kitambaa cheupe, nami, Mwafrika, naletewa na mhudumu aliyevaa glovu.

Msikilizaji, mambo hayakuwa hivyo siku zote. Kwa muda mrefu tajiri wa Lima alipotaka kula kwa heshima alikula Kifaransa. Chakula cha milimani kilikuwa chakula cha Mhindi Mwekundu, yaani cha mtu wa chini. Dharau hiyo haikuishia kwenye sufuria. Kuanzia mwaka 1980 hadi 2000 Peru ilipita katika vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na waasi. Tume ya Ukweli ya nchi hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 2003, ikakadiria kwamba watu karibu 70,000 waliuawa au kupotea. Katika kila wanne, watatu walikuwa watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kikechua au lugha nyingine ya wenyeji. Kwa maneno mengine, waliokufa kwa wingi ni wale wale wanaolima viazi. Wakubwa wengi wa Lima waliishtukia vita hasa Julai 1992, bomu lilipolipuka katika mtaa wa Tarata, kwenye kitongoji cha kitajiri cha Miraflores.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1994, katika kitongoji hicho hicho cha Miraflores, mpishi Gastón Acurio na mkewe Astrid Gutsche walifungua mkahawa. Walikuwa wamesomea upishi Paris, na mwanzoni walipika Kifaransa kama ilivyokuwa desturi. Polepole wakageuka, wakaanza kupika vya kwao. Wengine wakafuata. Virgilio Martínez na mkewe Pía León wakavipanga vyakula kwa kimo cha ardhi, kutoka chini ya bahari hadi vilele vya milima. Mkahawa wao, Central, ukatajwa kuwa wa kwanza duniani mwaka 2023. Mwaka 2025 nafasi hiyo ikachukuliwa na Maido, wa Mitsuharu Tsumura, Mperu mwenye asili ya Japani, ambako Wajapani wa kwanza waliletwa Peru mwaka 1899 kufanya kazi mashambani. Nchi iliyokuwa ikionea haya chungu chake, ikawa inatembelewa na watu wa dunia nzima wanaokuja kukifunua chungu hicho.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Waperu waliirudia asili yao, na mimi nilifurahi kuiona. Ningependa niishie hapo, nipige makofi. Lakini ikaja hesabu.

Mwenyeji wangu ndiye aliyelipa. Kwa kila mtu zilikuwa zaidi ya soli 900, na soli ndiyo fedha ya Peru. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika nchini humo Januari 2025 kilikuwa soli 1,130 kwa mwezi. Maana yake, mtu wa kima cha chini angefanya kazi zaidi ya wiki tatu bila kununua hata mkate, ili aketi pale jioni moja. Na mkulima wa milimani, aliyelima kiazi kile kilichotajwa kwa jina la kijiji chake, aghalabu hata hicho kima cha chini hana, kwa kuwa hana mwajiri.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka ule ule wa 2023, mkahawa wa Lima ulipotajwa kuwa bora kuliko yote duniani, takwimu za serikali ya Peru zilionyesha kwamba zaidi ya watoto wanne katika kila kumi, wa miezi sita hadi karibu miaka mitatu, walikuwa na upungufu wa damu. Nchi moja, mwaka mmoja: huku meza bora duniani, kule mtoto hana damu ya kutosha. Kumbukeni pia kinoa, nafaka ya Andes. Wazungu walipoipenda, bei ilipanda sana kufikia mwaka 2014, wakulima wakafurahi. Nchi nyingine nazo zikalima, na haukupita muda bei ikaanguka. Sifa za mezani hazikuweza kuizuia.

Sisemi wapishi wale wamekosea. Mpishi hawezi kubebeshwa kazi ya serikali. Wapo hata waliosaidia vijana maskini kusomea upishi, na si jambo dogo kijana wa Kikechua kusikia chakula cha bibi yake kikitajwa kwa heshima mbele ya wageni. Heshima ni mwanzo. Ninalosema ni kwamba heshima ya kiazi na heshima ya mwenye kiazi ni vitu viwili, na cha kwanza kinaweza kupatikana bila cha pili.

Je, sisi hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Katika jiji hilo hilo la Lima kipo Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho kinatunza maelfu ya mbegu za viazi na kina wataalamu wake hata Nairobi. Viazi lishe, vile vitamu vyenye rangi ya chungwa vinavyowapa watoto vitamini A, vimeenezwa huku kwetu kwa kazi ya watu wa kituo hicho. Mwaka 2016 mmoja wao, Dakta Robert Mwanga wa Uganda, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Huo ni udugu wetu na Lima ambao haupitii kwenye glasi tatu. Unapitia shambani, na unaishia kwenye sahani ya mtoto.

Basi tukitaka kuwaiga Waperu, tuwaige vizuri. Hoteli zetu kubwa nazo ziwapikie wageni matobolwa, kisamvu na mlenda bila haya, na waandike mahali vilikotoka. Lakini siku hiyo ikifika, tusijipongeze kwa kuwa mgeni amekula na kusifu. Tuulize mama aliyeanika matobolwa yale amelipwa kiasi gani kwa kilo, na kama mwanawe naye amekula akashiba. Jibu la swali hilo hatulipati kwenye menyu, inabidi tulifuate kijijini.