Usingizi wa Mtahiniwa na Mkate wa Eliya

Dominika ya 19 ya Mwaka B
Masomo: 1 Fal 19:4-8, Efe 4:30–5:2, Yn 6:41-51



Somo la kwanza la Dominika ya leo latupeleka jangwani, mwendo wa siku moja kutoka Beer-sheba, penye kivuli cha mretemu. Hapo amelala nabii Eliya. Amemkimbia malkia Yezebeli, amechoka mwili na roho, naye amemwomba Mungu auondoe uhai wake. Pengine tungetazamia malaika aje kumkaripia nabii huyu aliyelala badala ya kusali. Sivyo ilivyokuwa. Malaika amgusa, amwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya ala, anywa, kisha alala tena. Na malaika amwacha alale. Baadaye amwamsha mara ya pili, amlisha tena, kwa kuwa safari iliyo mbele yake ni ndefu. Ndipo Eliya apata nguvu za kwenda siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu.

Ndugu zangu, leo napenda tutafakari huo usingizi wa pili. Mungu alikuwa na kazi kubwa ya kumpa mtumishi wake, lakini hakumnyang'anya usingizi ili kazi iende upesi. Alimlaza kwanza.

Nalisema hili nikiwafikiria vijana wetu wa kidato cha nne, ambao mwezi wa Novemba wataketi kwenye chumba cha mtihani. Tena nalisema nikiwa na deni moyoni, nami naomba mniruhusu niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ya vijijini. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya mtihani, niliwaita watahiniwa wote kanisani kwa mkesha. Tulianza saa 3 usiku. Tulisali Rozari, tukaabudu Ekaristi Takatifu, tukaimba, na nikawabariki vijana pamoja na kalamu zao. Tulipomaliza ilikuwa saa 10 alfajiri. Wazazi walinishukuru, nami nilirudi nyumbani mwa mapadre nikiwa na furaha ya mchungaji aliyefanya wajibu wake.

Baada ya wiki mbili alinijia binti mmoja wa kwaya, mwenye bidii na akili njema. Aliniambia, “Padre, maswali niliyajua, ila kichwa kilikuwa kama kimejazwa pamba. Nilisoma sentensi moja mara nne.” Jioni ya siku ile alirudi nyumbani akiwa na hofu, na kwa hofu hiyo hakupata usingizi. Mama yake alipomhurumia, alimpa vidonge viwili vya mafua vinavyoleta usingizi. Mtoto akalala kweli, lakini asubuhi ilibidi atikiswe ndipo aamke, na siku ya pili ikawa na uzito kuliko ya kwanza. Matokeo yalipotoka, masomo ya siku zile mbili ndiyo yaliyomwangusha.

Wapendwa, hapakuwa na mtu mbaya katika habari hii. Palikuwa na padre aliyependa sala, na mama aliyempenda mwanawe. Hata hivyo, sisi wawili tulimwibia mtoto usiku wake. Nilimwomba radhi binti yule, na tangu mwaka ule ibada ya kuwaombea watahiniwa huifanya Dominika inayotangulia mtihani, na huimaliza kabla jua halijatua.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitufundisha kwamba neema haiji kuyabomoa maumbile, bali kuyakamilisha. Yeye huyo, alipoeleza njia za kupunguza huzuni, hakuona haya kutaja usingizi na kuoga. Mwili ni kazi ya Mungu, na una taratibu alizoziweka Yeye. Tuliyojifunza mchana, ubongo huyapanga na kuyaimarisha wakati tumelala. Kwa hiyo mwanafunzi anayekesha na daftari ili aongeze kurasa kumi hujidhulumu, kwa sababu hukosa nafasi ya kuzihifadhi kurasa mia alizokwisha kusoma. Wahenga walisema kwamba ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Na usiku wa kuamkia mtihani ni mlango wa mnada wenyewe.

Basi tufanyeje? Niwaambie kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, usingizi mwema hautafutwi usiku mmoja. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Akilala saa 3 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, amepata saa 8 kamili. Aanze desturi hiyo wiki moja au mbili kabla ya mtihani, kila siku kwa saa zile zile, ili mwili uzoee kulala na kuamka bila kulazimishwa.

Pili, tuangalie anachokunywa. Kahawa, chai ya majani na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, nayo haitoki mwilini upesi. Kwa watu wengi, baada ya saa 5 hivi nusu yake ingali mwilini. Kikombe cha saa 11 jioni bado kinamsumbua mtu saa 4 usiku. Baada ya chakula cha mchana, maji yatosha.

Tatu, tuache kuwalaza watoto kwa vidonge. Dawa nyingi za mafua na za mzio, hasa zile za aina ya zamani, huleta usingizi usiokwisha kunapopambazuka, kwa kuwa dawa ingali mwilini mtahiniwa anapoketi mbele ya karatasi. Vidonge vya usingizi vyenyewe ni kazi ya daktari. Si vya kuazimana na jirani. Na aliyeandikiwa dawa kwa ugonjwa wake asiiache kwa sababu ya maneno yangu, amwulize aliyemwandikia.

Nne, saa moja kabla ya kulala, simu iwekwe chumba kingine na madaftari yafungwe. Chakula cha jioni kiwe chepesi na kiliwe mapema. Kalamu, rula na sare viandaliwe kabla ya giza, ili usiku usiwe na la kuhangaikia.

Tano, kuamka nako kuna adabu yake. Mtu akikurupushwa kutoka usingizi mzito, akili hubaki nyuma kwa nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo aamke mapema kiasi cha kutosha, anawe uso, atoke nje kwenye mwanga, anywe uji, atembee kidogo. Akihitaji kujilaza mchana kati ya mitihani miwili, dakika 20 zatosha. Akizidisha sana ataamka na uzito ule ule anaoukimbia.

Lakini hapa nawageukia ninyi wazazi na walezi, kwa maana mashauri haya yote hayana faida kwa mtoto asiyekuwa na usiku wake. Yuko binti anayetoka shule ya kata, ametembea kilomita nyingi, na akifika nyumbani anangojwa na ndoo, kuni, vyombo na wadogo zake. Anapofungua daftari ni saa 4 usiku. Huyo tusimwambie habari za kulala mapema, tumwondolee ndoo. Kaka yake aoshe vyombo. Baba apunguze sauti ya redio, hata kama ni mimi ninayehubiri. Katika Injili ya leo Bwana wetu Yesu Kristo ajitoa kuwa mkate, nao watu wananung'unika. Sisi tunaompokea katika Ekaristi twawezaje kunung'unika kwa kuombwa tumpe mtoto saa mbili za usiku?

Nanyi vijana, nawaambia neno la mwisho. Huenda utafuata yote, na bado usingizi usije. Usiogope. Usiku mmoja mbaya haufuti kazi ya miaka minne. Hofu ya kukosa usingizi ndiyo inayoufukuza zaidi. Usiitazame saa kila mara. Lala kimya, pumua taratibu, shika rozari yako. Ukisinzia kabla ya kuimaliza, Mama Maria hatakuhesabia kosa. Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani, alikuwa mzito wa kujifunza, naye alifika upadre kwa kusoma kadiri ya uwezo wake na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Kila usiku Kanisa, katika sala yake ya mwisho ya siku, laimba wimbo wa mzee Simeoni, aliyeomba kuruhusiwa aende kwa amani baada ya kumwona Mwokozi. Kulala ni kukiri imani. Yule anayefunga macho akubali kwamba kwa saa kadhaa hataiongoza dunia, na kwamba yuko Mwingine asiyesinzia. Yesu mwenyewe alilala juu ya mto ndani ya mashua, na dhoruba ikivuma. Hakulala kwa kutojali. Alilala kwa sababu alimjua Baba.

Mwanangu mtahiniwa, umesoma ulivyoweza. Jioni ile ikifika, funga daftari, fanya ishara ya Msalaba, ulale. Malaika aliyemwacha Eliya alale mara ya pili atajua saa ya kukugusa.

Mwenyezi Mungu awabarikini nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina. Tumsifu Yesu Kristo!