Nafasi ya Mishipa ya Limfu katika Kuchachamaa kwa Uvimbe wa Viungo: Uzoefu wa Unguja

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya, Mji Mkongwe, Zanzibar

1. Utangulizi

Nimetakiwa nieleze mishipa ya limfu inahusika vipi viungo vinapochachamaa. Maana za maneno tunazijua sote, nitazipitia haraka.

2. Maana

Baridi yabisi ya uvimbe ni maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa kiungo. Kuchachamaa ni pale maumivu, joto na uvimbe vinapopanda tena baada ya utulivu. Limfu ni maji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, yakakusanywa, yakapitishwa kwenye tezi na kurudishwa kwenye damu. Mishipa yake haitegemei msukumo wa moyo: kuta zake hujibana zenyewe, na vali huzuia maji kurudi nyuma.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwafuatilia panya wenye baridi yabisi. Kwanza tezi ya nyuma ya goti hutanuka na kupokea mzigo unaotoka kiungoni. Ikielemewa husinyaa, mishipa hulegea, maji na seli za uvimbe hubaki gotini, na goti huchachamaa.

3. Tatizo letu

Hapa ndipo ninapoomba muda. Unguja tuna historia ndefu na maradhi ya limfu: matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, walitibiwa kwa dawa, na vyoo vya shimo vikafunikwa kwa chembe za plastiki zinazoelea ili mbu wanaoeneza vimelea vya maradhi haya wasizaliane. Mwaka 2001 Zanzibar ikaanza kugawa dawa za albendazo na ivamektini kwa visiwa vizima. Ni mafanikio makubwa, na waliohusika wanastahili heshima.

Lakini dawa zile huondoa vimelea kwenye damu. Mshipa uliokwisha kuharibika haziutengenezi. Mwenye mguu wa matende hubaki na mshipa dhaifu, na bakteria wanaoingia kupitia mipasuko ya ngozi humletea homa na mtoki mara kwa mara. Kila shambulio huuharibu mshipa zaidi.

Nimehangaika na jambo hili kwa miaka. Namkumbuka bibi mmoja wa kusini, mkulima wa mwani. Goti lilikuwa limejaa na tezi ya kinena imevimba. Kati ya kidole cha nne na cha tano palikuwa na mpasuko mweupe, umelowa. Kwenye kituo alichotoka, cheti kilisema "baridi yabisi", na alikuwa na vidonge vya maumivu, vya kupunguza maji, na ushauri wa kukandwa. Hakuna aliyemvua kiatu. Vidonge vya kupunguza maji havifungui njia ya limfu.

Sisemi kwamba kila goti linalovimba Unguja ni matende, wala siingilii majukumu ya vitengo vingine. Nasema tunatibu kiungo huku njia yake ya kutolea maji hatuiangalii. Nimeliandika hili kwenye ripoti zaidi ya moja, na bado fomu zetu hazina mstari wa tezi.

4. Mapendekezo

(i) Kila mwenye goti au kifundo kilichovimba apapaswe tezi za kinena na za nyuma ya goti, na matokeo yaandikwe kwenye cheti.

(ii) Miguu iangaliwe viatu vikiwa vimevuliwa, hasa katikati ya vidole.

(iii) Mgonjwa wa matende afundishwe kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha kidole kwa kidole, na kuuinua anapopumzika.

(iv) Kiungo chenye joto kisikandwe.

(v) Dawa za kupunguza maji zisitolewe kwa uvimbe wa limfu peke yake.

(vi) Anayepatwa na homa ya mtoki apewe antibaiotiki mapema, asisubiri hadi apelekwe mjini.

(vii) Mwenye viungo vingi vilivyovimba, vikiwa vizito kila asubuhi, apelekwe kwa daktari bingwa; asirudishwe na vidonge vya maumivu.

(viii) Wakulima wa mwani na wavuvi wahimizwe kuvaa viatu wakiwa baharini.

(ix) Fomu za vituo ziongezwe mstari wa tezi, kama nilivyokwisha kueleza.

(x) Kwa mara nyingine: miguu iangaliwe.

5. Hitimisho

Ndugu washiriki, mengi ya haya hayahitaji mashine wala bajeti mpya. Yanahitaji beseni, sabuni, kitambaa kikavu na mhudumu aliye tayari kuinama. Tukirudi vituoni kesho, mgonjwa wa kwanza mwenye goti lililovimba tumvue kiatu kabla hatujamwandikia dawa.