Hesabuni Kwanza, Muamini Baadaye



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta zinavyozungumza. Lugha ya Pascal, aliyoitangaza Niklaus Wirth wa Zurich mwaka 1970, hadi leo hutumika kuandika programu za mtandao, hasa kwa Free Pascal.

Anayeanza hudhani ujumbe uliotumwa mara moja hupokelewa mara moja. Sivyo. TCP hupitisha baiti kama maji ya bomba: mfuatano hulindwa, lakini mipaka ya ujumbe haionekani. Mshahara wa 450000 waweza kufika 450 kwanza, 000 baadaye. Programu yenye pupa itamlipa mtu shilingi 450!

Dawa imo katika Pascal yenyewe. Maneno ya aina ya ShortString hutanguliza baiti moja inayotaja urefu wao, usiozidi 255. Fanyeni vivyo hivyo: tumeni urefu, kisha ujumbe. Mpokeaji arudie amri ya fpRecv mpaka idadi itimie. Akipata 0, upande wa pili umefunga. Akipata -1, pana hitilafu.

Basi vijana, msilipe mshahara wa mtu kwa nusu ya habari.