KIYOYOZI CHA GARI BAADA YA KUBADILISHIWA GESI



Chama chenye gari kuukuu la miaka ya 1980 huweza kufikwa na jambo hili: kiyoyozi hutiwa gesi mpya, hupoza miezi michache, kisha hutoa hewa vuguvugu. Mweka hazina hulipa tena, na safari ya tatu hulipia kompresa nzima.

Magari hayo yaliundwa kwa gesi ya R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio ulioanzisha safari ya kuiondoa, na mahali pake katika magari pakashikwa na R-134a.

Kiini cha matatizo mengi ni oili. Kompresa ya R-12 hulainishwa kwa oili ya madini, nayo haichanganyiki na R-134a. Gesi huzunguka, oili hutuama mabombani, na kompresa husagika kikavu mpaka ikakwama. Fundi asemaye kwamba gesi ni gesi tu amekwisha kukitia chama hasara kabla hajafungua boneti. Yapasa oili ya zamani imwagwe, na ya aina ya esta itiwe.

Chembe za R-134a ni ndogo zaidi, hivyo hupenya kwenye mipira iliyochakaa. Oringi na chujio la kukaushia unyevu hubadilishwa, kisha pampu hunyonya hewa na maji yote kabla ya kujaza. Gesi ipimwe kwa mizani: asilimia 80 hadi 90 tu ya uzito wa R-12 uliokuwamo. Ikizidi, shinikizo hupanda, na ubaridi hupungua hasa gari likisimama juani huku injini ikiunguruma. Hata kazi ikifanywa vyema, kondensa ya zamani huenda isitoshe saa za adhuhuri. Hilo si kosa la fundi, na Halmashauri ielezwe mapema.

Kabla ya kutia saini hati ya malipo, Katibu adai maandishi yenye aina ya oili, uzito wa gesi na vipuri vilivyobadilishwa. Kibandiko chenye maelezo hayo kibaki chini ya boneti, kwani fundi ajaye hatajua vinginevyo. Gesi ya zamani ivutwe mtungini, isiachiwe hewani.

Wako pia wauzao mchanganyiko wa gesi jamii ya ile ya kupikia, kwa bei nafuu. Hupoza kweli, lakini huwaka moto, na ikivuja hujaa ndani ya gari walimoketi abiria. Ikataliwe.